Diski imesimbwa na nywila inakataa kompyuta ikiwaka: anza na kibodi

Kompyuta inawaka, na kabla hujafika popote inatokea skrini nyeusi yenye maandishi "Please unlock disk" na jina la kipande cha diski. Unaandika nywila ile ile ya kila siku, inakataa. Unarudia taratibu, herufi moja moja, inakataa. Kwenye laptopu nyingine ni skrini ya bluu ya BitLocker, yaani usimbaji wa diski wa Windows, inayotaka tarakimu 48 ambazo mwenye mashine anaapa hajawahi kuziona. Wanaoleta mashine za namna hii hapa Tanga huwa wameshakata tamaa nusu, na mara nyingi wameshapita kwa mtu mwingine aliyewaambia dawa ni kupiga Windows upya.

Usikubali. Kupiga Windows upya kunakupa kompyuta inayowaka na kunafuta kila kilichokuwemo. Kwenye diski ya kawaida iliyofomatiwa kwa bahati mbaya, fundi mwenye subira huweza kuokota picha na hati zilizobaki. Kwenye diski iliyosimbwa, yaani iliyogeuzwa isisomeke bila ufunguo, ufunguo ukishafutwa hakuna cha kuokota, kwa sababu kilichobaki hakisomeki na yeyote, hata na waliotengeneza programu yenyewe. Ndiyo maana hatua za mwanzo za mwongozo huu zote hazigusi kitu ndani ya diski. Zifuate kwa mpangilio, na usiruke hata kama unahisi umeshajua tatizo.

Kuna wanaouliza kwa nini basi mtu ajitafutie taabu hii. Laptopu ikiibiwa stendi, nywila ya kuingilia Windows peke yake haimzuii mwizi: anachomoa diski, anaichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma kila kitu. Fikiria zahanati yenye majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao, au SACCOS yenye mikopo ya wanachama. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda. Kusimba diski ni uamuzi sahihi, nami nawashauri wateja wangu wote wafanye. Wanachokosa wengi ni maandalizi ya siku diski itakapogoma.

Kabla ya yote jiulize imegomea wapi. Je, nywila inaulizwa na kukataliwa? Je, haiulizwi kabisa? Au inakubaliwa, kisha mashine inakwama mbele ya safari? Hayo ni matatizo matatu yenye sababu tofauti, na mtu akikuambia tu "haifunguki" bado hajakuambia kitu.

Nywila inaulizwa, inakataliwa

Hapa ndipo walipo wengi, na mara nyingi nywila wanayoandika ni sahihi kabisa. Kilichobadilika ni kibodi. Wakati ule wa kuwasha, mfumo bado haujapakiwa, kwa hiyo mipangilio uliyoizoea ukiwa ndani haipo. Na skrini haikuonyeshi unachoandika, ni nyota tu au hata nyota hakuna.

Caps Lock kila mtu anaikumbuka. Num Lock wanaisahau. Laptopu ndogo nyingi za zamani zina kibodi ya namba iliyofichwa ndani ya herufi za upande wa kulia. Num Lock ikiwaka, herufi m inakuwa 0, j inakuwa 1, k inakuwa 2, l inakuwa 3, u inakuwa 4, i inakuwa 5 na o inakuwa 6. Maneno yetu ya Kiswahili yamejaa herufi hizo. Binti mmoja wa duka la stationery kule Ngamiani alinipigia simu mashine ya kazini ikiwa imegoma tangu asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Inasemaje?"

"Inasema bad password, na nywila ni ile ile, sijaibadilisha."

Nilimwambia azime, awashe tena huku akigusagusa kitufe cha Esc mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayoipakia Linux wakati wa kuwasha, kisha abonyeze herufi c. Pale inafunguka sehemu ya kuandikia amri ambapo kila herufi unayobonyeza unaiona kwa macho. "Sasa andika neno mkonge, usiandike nywila yako, uniambie unaona nini."

"Imeandika sifuri, mbili, sita, halafu nge."

Akabonyeza Fn pamoja na Num Lock, akaandika tena, mkonge ikatoka mkonge. Nywila ilikuwa haina tatizo lolote.

Jaribio hilo la GRUB ndilo ninaloanza nalo siku hizi kwa mashine yoyote ya Linux ambayo menyu yake inafunguka, kwa sababu linakuonyesha pia vitufe vilivyokufa na vile vinavyoandika mara mbili. Mji wetu upo baharini. Upepo wa chumvi na unyevu vinaingia chini ya vitufe, na kitufe kilichoanza kushika kutu hakifi siku moja: leo kinaandika, kesho kinaruka, keshokutwa kinatoa "aa" badala ya "a". Ukiwa ndani ya barua unaona kosa na kulifuta. Kwenye nywila usiyoiona huwezi. Andika alfabeti nzima na namba zote, uangalie. Ukiona kitufe hakieleweki, chomeka kibodi ya nje ya waya wa USB ujaribu nayo. Kibodi ya Bluetooth usiitegemee, kwa kawaida hatua hiyo ya kuwasha haiijui.

Jambo la pili ni mpangilio wa kibodi, na hapa laptopu za mtumba zinatusumbua kuliko watu wanavyodhani. Nyingi zinatoka Ulaya na zina kibodi za huko. Ya Ujerumani imebadilishana y na z: ukiandika nyanya mfumo unaotumia mpangilio wa Marekani unapokea nzanza. Ya Ufaransa imehamisha a, q, w, z na m, kwa hiyo pwani inafika kama pzqni, na namba za juu zinataka Shift. Ya Uingereza inafanana sana na ya Marekani, ila alama ya @ na ya kufungua usemi zimebadilishana mahali, na # imehama. Mwenye nywila yenye @ katikati anaweza kuhangaika siku nzima.

Tatizo linajitokeza hivi: nywila iliwekwa wakati wa kusakinisha kwa mpangilio mmoja, kisha mtu akabadilisha mpangilio akiwa ndani, au akabadilisha kibodi nzima baada ya ile ya zamani kumwagikiwa chai. Jaribu kuandika nywila kana kwamba uko kwenye kibodi ya Marekani, yaani fuata mahali pa kitufe na upuuze kilichochorwa juu yake. Pakua picha ya kibodi ya Marekani kwenye simu uiweke pembeni. Ikikubali, umeshajua ugonjwa. Ingia ndani, kwenye Ubuntu au Debian endesha `sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration`, chagua mpangilio unaolingana na vitufe vyako, kisha `sudo update-initramfs -u -k all` ili mabadiliko yafike hatua ile ya kuwasha. Amri hiyo ya pili ndiyo wengi wanaiacha, na bila hiyo kesho yake mambo ni yale yale.

Wengine wanashauri nywila yenye herufi zisizohama kwenye kibodi yoyote. Ushauri mzuri kwa Mwingereza. Kwa Kiswahili, kutunga nywila ya maneno bila herufi a ni kazi ngumu. Njia ninayoipenda ni kuongeza nywila ya pili. LUKS, ambayo ndiyo inayosimba diski kwenye Linux, inaruhusu nywila zaidi ya moja kufungua diski hiyo hiyo: toleo la kwanza lina nafasi 8 za funguo, toleo la pili hadi 32. Ukiwa ndani, `sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sda3`, ukiweka jina la kipande chako badala ya sda3, kitakuuliza nywila ya sasa kisha mpya. Weka nywila ndefu ya tarakimu tupu kama akiba, tarakimu hazihami kati ya kibodi ya Marekani, Uingereza na Ujerumani.

Bado inakataa, na kibodi ni nzima

Sasa toa kibodi kwenye hesabu kabisa. Tengeneza fleshi ya Ubuntu, washa mashine kupitia fleshi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha. Fungua dirisha la amri, andika `lsblk -f`. Utaona orodha ya vipande vya diski, na kile kilichosimbwa kitakuwa na maandishi crypto_LUKS. Tuseme ni sda3. Andika:

`sudo cryptsetup -v open --test-passphrase /dev/sda3`

Amri hii inapima nywila bila kufungua wala kuandika chochote. Hapa uko kwenye mfumo wenye dirisha la kawaida, unaweza kuandika nywila kwenye faili la maandishi kwanza, ukaiona kwa macho, ndipo ukaiandika. Ikijibu "Key slot 0 unlocked" nywila ni nzima na tatizo liko kwenye hatua ya kuwasha, nenda sehemu inayofuata. Ikijibu "No key available with this passphrase", ama nywila siyo, ama kuna kitu kinaharibu hesabu.

Ndiyo, hesabu. Nywila yako haitumiki kama ilivyo. Inapitishwa kwenye ukokotoaji mzito unaoitwa Argon2id, ambao kwa LUKS ya pili unaweza kutumia hadi GB 1 ya RAM, kwa makusudi, ili mwizi asiweze kubahatisha nywila nyingi kwa haraka. Ukokotoaji huo ukipita kwenye RAM mbovu na biti moja tu ikageuka, matokeo yanakuwa mengine kabisa na nywila sahihi inakataliwa. Dalili yake inachanganya: inakubali asubuhi mashine ikiwa baridi, inakataa mchana, inakubali tena jioni. Mwenye mashine anadhani vidole vyake vinakosea. Ukisikia mtu anasema "wakati mwingine inakubali", na kibodi imeshapimwa, fikiria RAM. Washa memtest86+, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye fleshi, iache iendeshe angalau mzunguko mmoja mzima. Ikitoa mistari myekundu, chomoa RAM, safisha miguu yake, irudishe au jaribu nyingine. Nimeshaona mashine za kandokando ya bahari, Raskazone na kwingineko, ambazo miguu ya RAM ilikuwa imefunga utando wa kijani.

RAM ndogo nayo ina ujumbe wake: "Not enough available memory to open a keyslot". Hii hutokea diski iliyosimbwa kwenye mashine yenye RAM ya kutosha inapohamishiwa kwenye kikompyuta cha GB 1. Irudishe kwenye mashine kubwa, itafunguka. Vivyo hivyo, diski iliyotoka kwenye mashine ya kasi ikihamia kwenye ya polepole itachelewa kidogo baada ya kubonyeza Enter. Subiri, usizime.

Kisha diski yenyewe. `sudo smartctl -a /dev/sda` itakuonyesha afya yake, angalia mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Tarakimu za mwisho zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa zinapanda, acha majaribio yote. LUKS hutawanya kila ufunguo kwenye vipande 4000 mwanzoni mwa diski, ili ufunguo ukifutwa usiweze kuokoteka. Uzuri huo una gharama: sekta moja tu ikifa katika eneo hilo, ufunguo mzima umekwenda. Kwa diski inayougua, chukua nyingine yenye ukubwa ule ule au zaidi, nakili yote kwa `sudo ddrescue -f -d /dev/sda /dev/sdb ramani.log`, ile ya kwanza ndiyo inayosomwa na ya pili ndiyo inayoandikiwa. Hakikisha mara mbili kabla ya Enter, kwa sababu ukigeuza majina umemaliza kazi vibaya. Halafu fanyia majaribio kwenye nakala.

Nywila haiulizwi

Skrini nyeusi bila maandishi mara nyingi ni picha iliyofunika swali. Bonyeza Esc, maandishi yanaweza kujitokeza chini yake. Au andika nywila gizani, bonyeza Enter, uangalie taa ya diski kama inaanza kuchezacheza. Ikiwa ni hivyo, tatizo ni kadi ya picha tu. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari wenye maneno quiet splash, yafute, weka nomodeset mahali pake, bonyeza Ctrl na x. Mabadiliko hayo ni ya mara hiyo moja.

Hali nyingine ni kuangukia kwenye mahali pa amri penye neno initramfs, juu yake kukiwa na onyo la "ALERT!" kwamba UUID fulani, yaani namba ya utambulisho wa kipande cha diski, haipo. Watu wanaogopa sana skrini hii, ila kwangu ni afadhali kuliko nyingi, maana bado unaweza kuongea na mashine. Andika `blkid`. Ukiona crypto_LUKS, diski ipo na mashine imesahau tu namna ya kuifungua. Ifungue mwenyewe: `cryptsetup luksOpen /dev/sda3 sda3_crypt`, andika nywila, halafu `lvm vgchange -ay` kama Ubuntu iliwekwa kwa LVM (mfumo wa kugawa diski), kisha `exit`. Mashine itaendelea kuwaka. Ukiwa ndani, linganisha UUID iliyo kwenye faili la /etc/crypttab na ile iliyotolewa na blkid, rekebisha, hakikisha kifurushi cha cryptsetup-initramfs kipo, kisha endesha update-initramfs kama hapo juu.

Kama blkid haionyeshi diski kabisa, ingia BIOS, programu ya ubao inayowaka kabla ya mfumo. Kwenye kompyuta za mtumba betri ndogo ya ubao, CR2032 ya volti 3, mara nyingi imeshakufa. Umeme ukikatika, BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwa baadhi ya mashine hiyo inabadilisha namna diski inavyosomwa, kutoka AHCI kwenda RAID. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, huo ndio ushahidi. Badilisha betri, rudisha AHCI, washa.

Umeme ndio pia chanzo cha ugonjwa mwingine wa aina hii. Ubuntu ikiwa katikati ya kusasisha kerneli, yaani kiini cha mfumo, na umeme ukaondoka, faili la initramfs linalotumika wakati wa kuwasha linabaki nusu, na kerneli mpya inakufa ikisema "Unable to mount root fs". Kwenye GRUB chagua Advanced options, washa na kerneli ya zamani. Ikikubali, angalia `df -h /boot`. Kipande cha /boot, chenye mafaili ya kuwashia, ni kidogo na hujaa kerneli zilizopitwa na wakati, na kikijaa matokeo ni yale yale ya umeme kukatika. `sudo apt autoremove` hupunguza, kisha update-initramfs. Kwa ofisi yenye kompyuta za mezani, UPS ndogo ni lazima, na bei yake ni ndogo kuliko siku moja ya kazi iliyopotea.

Waliosimba hadi /boot wanaulizwa nywila na GRUB yenyewe, kwa mpangilio wa Marekani, na ukikosea mara moja inakutupa kwenye "grub rescue". Si lazima kuzima. Andika `cryptomount -a`, weka nywila, kisha `insmod normal`, kisha `normal`.

Inakubali, kisha inakwama

Hapa usimbaji umeshafanya kazi yake, funga ukurasa huo. Mara nyingi ni mfumo wa mafaili uliojeruhiwa na umeme: "UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY". Endesha fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mafaili, kwa jina la kipande lililotajwa kwenye ujumbe, lile linaloanza na /dev/mapper. Usiendeshe kamwe fsck juu ya sda3 yenyewe, hiyo ni sanduku lililofungwa na si mafaili.

Skrini ya bluu ya BitLocker

Kwenye Windows mambo yamepinda kidogo, kwa sababu watu wengi wanaokutana na skrini hii hawajui kama diski yao imesimbwa. Laptopu mpya za Windows 11 hujisimba zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Kila siku zinafunguka kimya kimya kupitia chipu ya TPM, ambayo hutoa ufunguo ikiridhika kwamba mashine ni ile ile. Siku BIOS ikisasishwa, Secure Boot ikizimwa, ubao ukibadilishwa, au betri ya CR2032 ikifa na umeme kukatika, chipu inakataa na Windows inataka ufunguo wa kurejesha: tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6.

Ufunguo huo uko wapi? Kwenye skrini ile ile kuna Key ID. Andika herufi zake 8 za mwanzo. Kisha kwa simu fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia, utafute unaoanza na herufi hizo. Haupo? Sasa swali ambalo ndilo linalofungua kesi nyingi hapa mjini: nani aliianzisha laptopu hii mara ya kwanza? Kwa wengi si wao. Ni fundi wa duka ilikonunuliwa, au kijana wa ofisini, au mtoto wa dada aliyekuja likizo, na akaingia kwa akaunti yake ili mashine ikubali kuendelea. Ufunguo umekwenda kwenye akaunti hiyo. Mpigie simu kwa upole, mwombe aingie kwenye ukurasa huo akusomee. Kama laptopu ni ya kazini au ya chuo, ufunguo unaweza kuwa kwa msimamizi wa mtandao wao. Angalia pia fleshi za zamani na karatasi, watu huhifadhi faili la maandishi lenye neno Recovery Key kisha wakalisahau.

Kuandika tarakimu 48 kunachosha, lakini kuna msaada: kila kundi la tarakimu 6 linagawanyika kwa 11, kwa hiyo ukikosea Windows hujua hapo hapo ni kundi gani. Kama vitufe vya namba vimekufa, tumia F1 hadi F10, ambapo F10 ni sifuri.

Ukishaingia, usiridhike na kuingia. Kama itauliza tena kila umeme ukikatika, badilisha betri ya ubao. Kabla ya kusasisha BIOS siku nyingine, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike `manage-bde -protectors -disable C:`, na ukimaliza `-enable` badala ya `-disable`. Na `manage-bde -protectors -get C:` itakuonyesha tarakimu zako 48. Ziandike sasa hivi, kwa kalamu.

Mambo haya yaliikuta dunia nzima tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Kurekebisha mashine moja hakukuwa kazi ngumu, ila nyingi zilikuwa na BitLocker, na waliokuwa na orodha ya funguo mkononi walimaliza mapema kuliko wasiokuwa nayo.

Usipopata ufunguo popote, Microsoft wenyewe hawawezi kukutengenezea mwingine. Anayekuambia ana programu ya kufungua BitLocker au LUKS kwa malipo ya awali, mwache na usimpe fedha. Kinachowezekana kihalali ni pale unapokumbuka sehemu ya nywila, kwa mfano maneno unayajua ila hukumbuki mwaka ulioweka mwishoni. Kwa hali hiyo fanya nakala ya diski, orodhesha zote zinazowezekana kwenye karatasi, ujaribu moja moja ukizifuta.

Wenye Mac, FileVault, usimbaji wa diski wa Apple, hufunguka kwa nywila ya akaunti yako ya kuingilia, na akiba yake ni ufunguo wa herufi na tarakimu 24 uliopewa siku ya kuwasha huduma hiyo, au akaunti yako ya Apple (zamani Apple ID) kama ulichagua hivyo.

Diski inasema si ya LUKS

"Device /dev/sda3 is not a valid LUKS device." Ujumbe huu unauma. Kwanza hakikisha hujakosea kipande, maana sda1 na sda2 kwa kawaida hazijasimbwa. Kama kipande ni hicho hicho, kichwa cha diski, yaani sehemu ya mwanzo inayobeba funguo, kimeandikwa juu. Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni diski kuchomekwa kwenye kompyuta ya Windows kupitia kasha la USB. Windows haiijui LUKS, inasema "You need to format the disk in drive E: before you can use it", na mtu aliye na haraka anabonyeza kukubali. Waambie wote ofisini: ujumbe huo ukitokea, bonyeza Cancel uchomoe.

LUKS ya pili ina nakala mbili za maelezo yake, na `sudo cryptsetup repair` wakati mwingine huweza kuyarudisha, ila eneo la funguo zenyewe halina nakala ya pili kwenye diski. Likishaandikwa juu, kinachokuokoa ni nakala uliyoifanya mwenyewe kabla, nayo inachukua muda mfupi mno:

`sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda3 --header-backup-file kichwa-ofisi.img`

Faili linalotoka kwa LUKS ya pili kwa kawaida ni la MiB 16 tu. Liweke kwenye fleshi mbili, moja ibaki ofisini ndani ya kabati lenye kufuli, nyingine nyumbani, kila moja kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa sababu ya unyevu wetu. Kurudisha ni `luksHeaderRestore` badala ya `luksHeaderBackup`, na hakikisha kichwa unachorudisha ni cha diski hiyo hiyo. Andika juu ya fleshi jina la mashine na tarehe.

Na ukibadilisha nywila, kwa mfano mfanyakazi ameacha kazi, kumbuka kwamba nakala ya zamani ya kichwa bado inafunguka kwa nywila ya zamani. Fanya nakala mpya siku hiyo hiyo, kisha zivunje zile za zamani kwa nyundo au uzifute kabisa kwa `shred`, ukijua kwamba kwenye fleshi nyundo ndiyo ya uhakika zaidi.